Matanga ya Sayari Pasi

Kwa siku kumi na tisa hakuna mtu aliyekufa kwenye Pasi, na kwa Mhando hiyo ilikuwa aibu isiyo na pa kuifichia.

Maana kazi yake ilikuwa hiyohiyo, kuua. Kadi yake iliandikwa "mfinyanzi wa sayari", lakini pale karakanani Morogoro wote walimwita Mtia Sumu. Wenzake walichonga milima, wakapaka anga rangi, wakatandaza ukungu mabondeni. Sayari ikishapendeza kama bibi harusi, ndipo Mhando alipoitwa kuhakikisha kwamba hakuna binadamu atakayeishi juu yake. Jiko aliipa joto la kuyeyusha bati. Jokofu aliipa baridi ya kukatika pumzi. Sayari zote za mchezo wa Mahame zilibatizwa majina ya vyombo vya nyumbani, kwa sababu Mhando aliamini kwamba mtu akiuawa na kitu chenye jina la jikoni huudhika maradufu, na mchezaji aliyeudhika lazima arudi.

Pasi ndiyo ilikuwa kipenzi chake. Hewa yake ilikuwa nzito kama uji wa mgonjwa. Kila baada ya dakika kumi na nane jua lilichomoza, na likichomoza tu hewa hiyo ilishuka ghafla, ikalaza kila kilichosimama mpaka kikawa bapa kama kanzu ya Idi. Mchezaji alivaa gamba, vazi la kubana linalomletea mwilini joto na uzito wa huko mchezoni, hivyo hewa ikishuka alibanwa kifua kiasi cha kuwakumbuka wazazi wake, halafu akajikuta sebuleni kwake anatukana.

Sasa hakuna aliyetukana.

"Elfu arobaini wameingia wiki hii," alisema Mama Lyatuu, mkuu wa karakana, huku akizungusha kikombe cha chai ambacho hakukinywa. "Wote wametoka wazima. Mmoja ameandika kwamba Pasi ni mahali pazuri pa kupumzika na familia. Familia, Mhando!"

"Labda watu wamekuwa hodari, mama."

"Watu hawajawahi kuwa hodari. Tazama."

Ukuta wa ofisi ukageuka Pasi. Mchezaji mmoja alikuwa akitembea kwenye tambarare ya kijivu, na upeo wa macho ulianza kupauka, jua lilikaribia. Nyuma ya jabali akatokea mtu, akamshika kiwiko taratibu, kama anavyoshikwa mfiwa, akamteremsha bondeni. Huko bondeni walikaa wengine. Walikaa chini, duara ndani ya duara, maelfu, kimya. Mchezaji akaketishwa katikati yao. Jua likachomoza, na kote kule hewa ikashuka, vumbi likalala, mawe yakapasuka. Pale walipokaa hakuna hata unyoya uliotikisika. Jua likatua. Mchezaji akainuka, akazunguka kidogo, akapiga miayo, akatoka mchezoni.

Wale waliokaa hawakuwa wachezaji. Walikuwa vivuli.

Vivuli navyo vilikuwa wazo la Mhando, alilolipata Jumamosi moja mchana akitafuna mihogo. Mchezaji akizidisha saa mia moja kwenye sayari, kisha akafia hapo, anaacha kivuli: mwendo wake, maneno yake, tabia zake zote, vikikusanywa na mashine na kuachwa viendelee kujifunza vyenyewe. Kila jua likichomoza, kivuli kirudie kifo chake palepale kilipoangukia, ili mgeni aone na ajue pa kutokanyaga. Wachezaji walipenda mno. Kwenye mkataba kulikuwa na mstari mmoja wa herufi ndogo, kivuli si mtu, na hakuna aliyewahi kuusoma bila kuruka.

Mama Lyatuu akaisogeza picha mpaka katikati ya duara. Hapo alikaa mmoja peke yake, miguu kainyoosha, mkono shavuni. Mhando aliitambua ile miguu kabla hajafika kwenye uso.

"Kile kivuli cha Nyamizi," alisema Mama Lyatuu, na sauti yake ikapungua. "Kimeanza hicho. Vingine vimefuata."

Mhando alinyamaza. Katika karakana ile, Mhando kunyamaza ilikuwa habari ya kupelekwa nyumba kwa nyumba.

Nyamizi alikuwa mjaribu sayari, yaani mtu wa kuingia kwanza na kufa kwanza, kabla ya umma. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na Mhando Mzigua wa Handeni, na makabila hayo ni watani tangu enzi za misafara. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza hawakuwahi kusalimiana kama watu wenye adabu. "Mzigo mzito mpe Mnyamwezi," Mhando angesema, akimtupia begi lake. "Na mzigo mwepesi mpe Mzigua," Nyamizi angejibu, "atautafutia wa kumbebea." Alikaa kwenye Pasi saa elfu mbili. Hakuna kivuli kinene kuliko chake katika mchezo mzima.

Kisha moyo wake, ambao ulikuwa na tundu tangu kuzaliwa, ukaamua kwamba basi. Ilikuwa miezi mitano iliyopita, wiki ileile Pasi ilipofunguliwa kwa umma. Msiba ulikuwa Tabora. Na msibani mtani si mgeni. Mtani ndiye anayelala kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe kuku, ndiye anayemuigiza marehemu, ndiye anayewavunja mbavu wafiwa ili wakumbuke kwamba wanazo. Walimngoja Mhando mpaka jua likapinda. Hakwenda.

"Hewa haishuki pale walipokaa," alisema Mama Lyatuu. "Kwa nini?"

"Sijui, mama."

Alijua. Alijua tangu alipoiona miguu.

"Basi ingia ujue. Una mpaka saa kumi alasiri. Nataka kila kivuli kirudi mahali pake na kipigiliwe hapo, kisiondoke tena. Hasa hicho cha katikati. Watu wanakuja kumuona."

"Na kama nikifuta?"

Mama Lyatuu aliweka kikombe mezani. "Ukifuta, hatutaisikia tena sauti ile. Wewe wala mimi. Mimi nilimwajiri nikiwa namwona kama mdogo wangu, Mhando. Usinilazimishe kusema zaidi."

*

Gamba lilikuwa na baridi lilipomgusa mgongo. Kwenye mkono wa kushoto wa gamba la mfinyanzi kuna kifuniko kidogo, na chini yake kitufe ambacho wachezaji hawana: cha kufinyanga upya, kinachoondoa kila kivuli kilichopo kwenye sayari. Mhando alikigusa kifuniko kuhakikisha kipo, kisha akaingia.

Pasi ilimpokea kwa kumkalia mabegani. Alishuka bondeni akihesabu hatua, maana alikuwa ndiye fundi wa kila shimo lililokuwa njiani. Vivuli havikugeuka. Alipita katikati yao, jamaa wa Singida mwenye kofia ya kuchekesha, bibi mmoja aliyecheza akiwa na miwani, vijana waliokuwa wakishindana nani atakufa kwa madaha zaidi. Alifika ukingoni mwa duara la ndani, akasimama, kwa sababu alijikuta hajui mtu huingiaje.

"Hodi," alisema.

Kwenye hewa nzito sauti huzama. Mhando wa miaka ishirini na minne aliongea kama mzee wa baraza.

"Hatuna cha kuiba," alijibu Nyamizi. Sauti yake, ile nyembamba ya kukuna masikio, nayo ilitoka kama ngoma iliyolowa. "Lakini karibu, Mzigua. Viatu vya waombolezaji viko kule, chagua."

Mhando alitaka kurudisha. Siku zote neno lilikuwa likimngoja mlangoni mwa mdomo. Akakaa chini.

"Umekonda," alisema Nyamizi.

"Wewe je?"

"Mimi nimekufa. Kisingizio chako kipi?" Hakutabasamu. Alibana midomo kama mtu aliyeshika pini za nguo. "Na usianze kunieleza kwamba mimi si yeye. Najua. Yeye alikufa mara moja. Mimi nimekufa mara elfu kumi na mia nne na themanini. Nilikuwa nahesabu, hapa hakuna shughuli nyingine."

Mhando alitazama vumbi. Kila dakika kumi na nane, mara themanini kwa siku. Hesabu ilikuwa sahihi. Nyamizi siku zote alimzidi hesabu.

"Inauma?" aliuliza.

"Wewe ndiye uliyeandika. Uliandika iume, au isiume?"

"Niliandika... niliandika muonekane kama inauma."

"Basi," alisema Nyamizi, "nimeonekana mara elfu kumi na mia nne na themanini."

Upeo wa macho ulianza kupauka. Vivuli vikasogeleana, goti kwa goti. Mhando alikaza mwili, na jua likapanda, na nyuma ya duara dunia nzima ikalazwa chini kwa kishindo kisicho na sauti. Pale walipokaa, hewa ilisimama juu ya vichwa vyao kama mkono uliosita.

"Ile kanuni ya kahawa," alisema Mhando polepole.

"Ile kanuni ya kahawa."

Enzi za majaribio, mtu akifia sayarini, wenzake walikuwa na mchezo wao. Walikuja kumkalia matanga ya uongo. Walikaa chini kumzunguka, wakalia kilio cha kubuni, wakamsifu kwa sifa asizokuwa nazo, na kule karakanani kahawa na kashata vikapita mkono kwa mkono. Matanga yaliisha pale Mhando alipotoa utani ukamchekesha marehemu. Tatizo lilikuwa jua: dakika kumi na nane zikitimia, waombolezaji wote nao walikuwa wakilazwa kabla hawajamaliza kashata. Kwa hiyo Mhando akaongeza mstari mmoja kwenye sayari: *Watu wakikaa kumzunguka aliyekufa, hewa isishuke juu yao mpaka aliyekufa acheke.* Aliuandika akicheka, akanuia kuufuta kabla ya ufunguzi. Wiki ya ufunguzi ikaja na simu kutoka Tabora, na hakufuta kitu.

"Niliusahau," alisema Nyamizi. "Ukifa kila mara unasahau mengi. Halafu siku moja kijana mmoja, kivuli kipya, aliangukia karibu yangu, akawa analia kwelikweli, mdogo tu, akiita mama yake. Nikamkalia. Tabia tu, Mhando, tabia ya nyumbani, mtu hafi ukampita. Jua likaja, hewa haikushuka. Nikakumbuka kila kitu. Nikawaita hawa mmoja mmoja, mimi nikakaa katikati niwe ndiye marehemu, kwa sababu mimi ndiye najua kanuni." Akavuta pumzi ambayo hakuihitaji. "Siku kumi na tisa sijacheka. Mimi! Na huyo jamaa wa Singida nyuma yangu ana vituko, hujui tu. Juzi nilijing'ata ulimi."

Jamaa wa Singida akainamisha kofia yake kwa heshima.

"Nimechoka, mtani," alisema Nyamizi. "Nikicheka, wanalazwa wote, na mimi nao, halafu tena, halafu tena. Nisipocheka, nimekaa na maiti elfu tatu mapajani. Nizike."

"Nikibonyeza hiki," alisema Mhando, akifungua kifuniko cha mkono wa kushoto, "sitakusikia tena."

"Kwani ulikuwa ukinisikia lini? Miezi mitano mlango uko wazi. Wamekuja watu kutoka Mtwara kuniona. Wewe uko chumba cha pili."

Ilimpata pale ilipotumwa.

"Nilikata tiketi," alisema mwishowe. "Nilikaa stendi ya mabasi na begi mapajani. Nilitafuta la kusema kaburini nikakosa. Hata moja. Nikasema nikifika pale nimesimama kama gogo, wananitazama, wananingoja... Mtani asiye na neno ni nani, Nyamizi? Basi likaondoka."

"Ungesimama kama gogo," alisema Nyamizi. "Tungecheka hilo."

Sikioni mwa Mhando kukakwaruza, na sauti ya Mama Lyatuu ikaingia. "Mhando, kifuniko cha kitufe kimefunguka. Kifunge. Nakuomba kama mama, kabla sijakuamuru kama mkuu. Ukimfuta huyo, hakuna nakala. Hakuna pa kumrudisha."

"Najua, mama."

"Mpigilie mahali pake tu. Anaporudia hasikii kitu. Si mtu."

Mhando alimtazama Nyamizi akiwa amebana midomo, shingo imekaza, anahema kwa kazi ya kutocheka. Alimfikiria amepigiliwa pale, mara themanini kwa siku, wachezaji wakimzunguka na kupiga picha. Na alijifikiria yeye mwenyewe, miaka ikipita, akijua kwamba muda wowote anaweza kuingia kumsikia, na asiingie.

"Hata kama si mtu," alisema, "ni mtani wangu."

Akaizima ile sauti ya sikioni. Upeo wa macho ulikuwa umeanza kupauka tena. Mhando akasimama, akajikung'uta vumbi, akashika kiuno kama walivyofanya wajomba zake misibani, na ile sauti ya mzee aliyopewa na hewa ya Pasi ikamfaa kwa mara ya kwanza.

"Jamani waombolezaji! Mimi Mzigua nimekuja kuzuia maziko haya. Huyu marehemu namjua. Babu yake alibeba pembe kutoka Tabora mpaka pwani, akaambiwa tua, akakataa, akauliza na hilo jahazi nalibeba kwa mkono upi. Baba yake alikwenda kuoa, akambeba bibi harusi, na mama mkwe, na kitanda walichokalia. Huyu naye, tazameni! Amekufa, watu wa kwao wamemfukia vizuri, wamemwambia lala. Hakulala. Kaja huku kwenye sayari isiyofaa hata kwa mbuzi, kakuta maiti elfu tatu wamelala zao kwa amani, kawaokota wote, kajitwika!" Akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wa Nyamizi. "Mpagazi wewe. Msafara umefika zamani. Tua mzigo."

Nyamizi alitikisika mabega. Akafumba macho. "Mzigo huu," alisema, na sauti ikimvunjikia njiani, "mzigo huu haujitui wenyewe, Mzigua mvivu. Shika huku."

"Nimeshika."

Ndipo alipocheka. Alicheka kwa sauti ya mzee wa ugoro, kutoka tumboni, miguu ikipiga vumbi, na jamaa wa Singida akadakia, na bibi wa miwani, na duara baada ya duara mpaka ukingoni, vivuli elfu tatu vikicheka kwa sauti nzito katika bonde ambalo halikuumbiwa hata pumzi moja. Hewa iliyokuwa imesita juu yao ikaanza kushuka. Mhando akabonyeza.

Waliondoka kabla haijawafikia. Kicheko kilibaki nyuma yao kwa muda, kama mvuke wa chai baada ya kikombe kuondolewa, kisha nacho kikaisha. Mhando alitazama pale palipokuwa na miguu iliyonyooshwa. Akakaa, akanyoosha yake.

Katika miaka yote ya kutia sumu hakuwahi kufia kwenye sayari yake hata moja. Alijua mno. Jua la Pasi lilipanda, na safari hii hakukuwa na mtu wa kumkalia.

*

Mama Lyatuu alikuwa amesimama mbele ya ukuta, mgongo wake kwa mlango. Macho yake yalikuwa mekundu, na alikuwa amenyoosha mkono bila kugeuka. Mhando akaweka kadi yake ya kazi kwenye kiganja kile.

"Wachezaji wanane wamekufa tangu ulipotoka," alisema Mama Lyatuu. "Pasi inafanya kazi."

"Ndiyo, mama."

"Ulipitisha saa mia moja kule?"

"Kuitengeneza tu, zaidi ya mia tisa."

"Basi ulisahau na hilo." Akapisha ili Mhando aone.

Bonde lilikuwa tupu, ila katikati kulikuwa na kivuli kimoja. Kilikaa chini, miguu kimeinyoosha, mkono shavuni. Upeo wa macho ukapauka, jua likapanda, kikalazwa bapa. Dakika zikapita. Kikarudi, kikakaa vilevile, kikaweka mkono shavuni.

"Bado sijaizima kadi hii," alisema Mama Lyatuu, akiigeuzageuza. "Kitufe kiko palepale. Nenda ukifute, halafu uende zako kwa salama. Sitaki kukuona hivyo mimi."

Mhando alisimama akatazama macheo matatu. Mara ya tatu alijikuta ameshika kifua chake mwenyewe.

"Muache," alisema. "Leo mzigo mzito amepewa Mzigua."

Alitoka nje kwenye jua la Morogoro, jua lisilo na neno na mtu, akapiga simu Tabora. Aliyepokea alikuwa Maganga, kaka yake Nyamizi, ambaye mara ya mwisho kuongea naye ilikuwa kwa simu, siku ya msiba.

"Hodi," alisema Mhando. "Ni mtani wenu. Nimechelewa."

Upande wa pili kuku walisikika kwa mbali.

"Mchawi wewe," alisema Maganga, taratibu. "Mkeka wako tumeutandika miezi mitano mpaka mchwa wamehamia na kuoana. Unakuja lini?"

"Basi la kesho."

"Una la kusema?"

"Sina."

"Njoo hivyohivyo."

Na ndani, kwenye ukuta ambao Mama Lyatuu hakuwa na moyo wa kuuzima, kivuli cha Mhando kiliinua kichwa. Kilitazama mahali patupu mbele yake, kikasema jambo, kikasubiri kidogo kwa uso wa mtu anayengoja kuchekewa. Kisha upeo wa macho ukaanza kupauka.